Mwaka wa Tohara, na Mimi na Mfuko Wangu

Kijijini, Budadiri
Uganda
19 Agosti 2024

Mpendwa dada Nabifo,

Kwanza ujue unaandikiwa na dume la madume. Katika Wagisu wote, tangu mlima huu uote, ni mimi pekee niliyekatwa kabla ya siku ya kukatwa, tena tumboni, na sikupepesa hata ukope! Rafiki yangu Woniala alipokuja hospitali akasema, "Ulikuwa umelala, bwana! Kisu cha usingizini hakihesabiwi." Wivu tu.

Hamjambo huko Arua? Shemeji mzima? Mtoto ameota meno, au bado anacheka kama babu? Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa.

Ulisikia nina homa ya matumbo. Basi ilitoboa utumbo. Daktari akaukata, akatoa ncha yake nje, kando ya kitovu. Haja inatokea hapo, inaingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Ncha yenyewe nyekundu kama ufizi, na ukiigusa haiumi. Alisema wataurudisha ndani. Lini, hakusema.

Sasa mimi fundi. Naosha, nakausha, nabandika. Mifuko ya hospitali ikikosekana, mama ananifungia nailoni na kitambaa. Shida ni kelele za hewa ikitoka. Ncha hii haina adabu hata kidogo. Jumapili iliyopita ilimjibu mchungaji katikati ya mahubiri. Nikamgeukia mzee aliyekaa kando yangu, nikamkazia macho mpaka kanisa zima likamtazama yeye.

Malewa, yale machipukizi yetu ya mianzi, nimekatazwa. Nesi anasema nyuzi za mianzi zitaziba utumbo. Mama akiyapika kwa karanga nakwenda kukaa nyuma ya nyumba, nakula ndizi zilizopondwa kama huyo mwanao.

Mwaka huu ni wa tohara, unajua. Mimi na Woniala tuliapa kusimama mbele ya kisu katika ua mmoja, siku moja. Daktari amekataa mpaka tumbo lifungwe, kwa hiyo mpaka tohara ijayo, miaka miwili mingine, nitaitwa mtoto. Vijana wote wako barabarani na ngoma. Mimi naongea na kuku, na hata wao wakishiba wanaondoka.

Ukipata nafasi njoo, dada, hata kwa siku mbili. Msalimie shemeji, na shangazi Namonje akipita hapo. Mungu awalinde, na mtoto akue asirithi pua yako.

Kabla sijafunga, lipo moja ambalo mama pekee analijua. Alhamisi Woniala alifika na ngoma hadi uani kwetu, amepakwa unga wa ulezi, njuga mapajani. Alitaka nicheze naye kidogo tu, kisha nisimame karibu siku yake. Mfuko ulikuwa mpya. Haukuvuja, haukulia. Shati nilishavaa.

Akaita, "Gizamba! Toka, bwana! Sikatwi bila wewe!"

Nikaingia uvunguni, nikamnong'oneza mama aseme nimekwenda kliniki. Mama akanitazama, akatoka, akasema hivyo. Ngoma zikaondoka.

Jumamosi akakatwa. Wanasema alisimama imara, hakutikisika. Ila ngariba alipokuwa anakuja, aligeuza shingo mara moja, akaangalia njia ya kwetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikutania,
Gizamba