Samli Iliyomuua Zabibu

Mwabungo,
Ukunda, Kwale.
9 Juni 2024

Kaka mpendwa Musyoki,

Shikamoo. Hali yako huko Maskati na joto lake? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kimepoa? Sisi miili ni mizima, namshukuru Mungu. Nimeandika karatasini kwa sababu simu ya hapa husikilizwa na nyumba nzima, Baba akiwa wa kwanza. Amin anasafiri kuja huko Jumanne, atakukabidhi mkononi.

Unajua kwamba farasi wako Zabibu amekufa. Hujui alikufaje.

Alianza kwa kukataa nyasi. Kesho yake usaha ulimtoka puani, akavimba chini ya taya, na kila akivuta pumzi anakoroma. Nilimwondoa ufuoni kwa watalii nikamrudisha bandani. Baba akasema huo ugonjwa wa koo anaujua tangu Mutomo alikofuga punda, nawe unamjua Baba akishasema anajua. Alipasha moto samli, akaichanganya na majivu, akaitia kwenye chupa ya soda. Mimi ndiye niliyemwinua Zabibu kichwa na kumshikilia, Baba akimmiminia. Alikohoa sana. Nilidhani dawa inafanya kazi.

Daktari wa mifugo, Chirau, alifika siku ya tatu, akamsikiliza kifua, kisha akaniita kando. Aliniambia koo lililovimba vile halimezi, kwa hivyo samli yote ilishukia mapafuni. Jipu lenyewe lingekandwa kwa maji ya moto, likaiva, likapasuka, naye akapona. Zabibu alikataa kulala chini mpaka miguu ilipomwishia nguvu. Alikufa alfajiri.

Nilimficha Baba, kaka. Baba alikuwa akimwambia kila jirani kwamba tulikosea kumpa chupa moja badala ya mbili, nami naitikia. Nilijionea aibu, lakini ana miaka sabini na minane, na hana fahari nyingine ila kujua wanyama.

Juzi farasi wetu wa pili, Shaba, naye akavimba. Walikuwa wakinywa ndoo moja, na hilo pia ni kosa langu. Nilipotoka kuteka maji nilimkuta Baba jikoni, samli iko motoni na chupa mbili zimeshaoshwa. Nikaepua sufuria, nikamwambia yote.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Na wale punda wanne wa Mutomo?"

Nao aliwanywesha samli, na unakumbuka ni vifo vya wale punda vilivyotuhamisha, baada ya Mama kubeba maji mgongoni mpaka akashindwa. Miaka yote Baba amesema ardhi ile ilikuwa na laana.

Shaba sasa ana ndoo yake. Baba mwenyewe ndiye anayemkanda kwa taulo, asubuhi na jioni, na hataki nimpokee. Jipu halijapasuka bado. Ukipiga simu muulize habari za Shaba tu, za punda usiziguse.

Mkeo Caroline na watoto wanakusalimu sana, na Bibi Kache wa jirani pia. Mungu akufunike kwa mkono wake huko ugenini. Salamu za Baba sina. Hajui naandika, na tangu juzi hajapita kwa jirani hata mmoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Kamene