Ng'ombe Asiuzwe kwa Sababu ya Giaboksi

Mama mpendwa,

Nakusalimia kutoka Eldoret, ambako baridi ya wiki hii inanilaza na koti. Mguu wako unaendeleaje? Dada Rose anasema unakunywa chai tu kisha unadai umeshiba. Tafadhali kula, Mama. Mimi niko mzima, ila nimechoka hata jana nimesinzia nikiwa nimesimama kwa foleni ya maji. Nimeandika kwa sababu haya si mambo ya kupigia kelele kwa simu ukiwa na wageni. Rose akusomee polepole.

Rose ameniambia unataka kumpeleka ng'ombe sokoni Jumamosi ili unilipie giaboksi. Eti ni wewe uliyeniharibia, kwa vile uliniambia nikae nyumbani mpaka ninyolewe baada ya kumzika Baba, na waranti ikaisha nikiwa huko. Sasa nikuambie kitu ambacho nilikuficha.

Giaboksi ilianza kulia asubuhi ile tulipotoka mochari na Baba akiwa nyuma ya pikapu. Hatukuwa tumefika Turbo. Gia ya tatu ikawa inasaga kama mtu anayetafuna mawe. Waranti ilikuwa imebakisha siku tano, na yadi niliyonunulia gari ilikuwa nyuma yetu, dakika ishirini tu. Baba Mdogo, aliyekaa kando yangu, aliisikia pia. Akaniangalia, akasema, "Mtu akishaanza safari ya kwao harudishwi." Nilijua hivyo hata kabla hajasema. Tukaja pole pole na gia ya pili mpaka kwako.

Ningeweza kupiga simu yadi nikiwa hapo nyumbani. Sikupiga. Nani aulize habari za giaboksi na udongo wa kaburi bado ni mbichi?

Nikirudi, gari ilikwama Turbo, nikavutwa mpaka yadi. Mwenye yadi ni mama mmoja wa Nyeri, hana maneno mengi. Akafungua faili. "Imepita siku nne."

Nikamwambia ililia ikiwa bado ndani ya waranti.

"Na mbona hukuileta siku hiyo?"

"Nilikuwa nimembeba babangu."

"Pole. Lakini ungemzika, uje."

"Sikuwa nimenyolewa. Kwetu mtoto wa kwanza hatoki kabla."

Akapanguza meza iliyokuwa safi. "Hayo waranti haijui, mzee."

Nilirudi kwake asubuhi tatu. Ya pili nilimpandishia sauti, na nilijuta kabla sijafika kwa geti. Ya tatu nilikaa tu kwenye benchi. Saa sita akatoka, akasimama mbele yangu. "Giaboksi utanunua, nitakupa kwa bei niliyoileta nayo. Kazi ya fundi nitalipa mimi. Na usitangaze." Kwa hivyo Rose, hapo soma chini chini.

Nimelipa nusu na pesa niliyokuwa nimewekea nyumba yenye sebule, nusu nyingine itatoka kwa kazi ya kubeba maziwa. Wakulima wawili wa Moiben wameshapata mtu mwingine wa kuwabebea, na siwezi kuwalaumu, maziwa hayangojei mtu. Nitabanana, lakini nitamaliza. Huyo ng'ombe ni chai yako, Mama. Kule hospitali Baba alikuwa akiuliza habari zake kabla hajauliza zetu. Asitoke hapo bomani.

Jana nimepewa gari, nikaipeleka barabara ya Turbo kuijaribu. Pale ilipoanza kulia siku ile, gia ya tatu iliingia kimya. Nikaegesha kando nikalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita hapo peke yangu.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie sijamlaumu. Nisalimie shangazi aliyeninyoa, wembe wake ulikuwa butu na bado nasamehe. Rose naye asante kwa macho yake.

Usijilaumu tena, Mama. Uliponiambia nikae, nilikuwa nimeshaamua tangu Turbo. Na hata ningejua giaboksi itakula gari yote, ningekaa.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,
Barasa