Fundi Asiyepima

4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Usinijibu "hayajambo" halafu nisikie kwa watu kwamba unashuka ngazi kinyumenyume. Sisi wazima. Mkwe wako anakusalimu, bado ni mpishi wa hospitali na tumbo lake linashuhudia. Somo wako, niliyempa jina lako akachukua na ulimi wako, anakusalimu pia. Mdogo wake, Kifaru, anakimbia na kugonga kila kitu, jina tumempa kwa haki.

Mama, nimepata mahali pa likizo! Kampuni ilinituma kutengeneza lifti kwenye mji mdogo wa kisiwani, lifti pekee ya mji mzima. Kisiwa chenyewe ni kirefu na chembamba, mchanga mtupu, unakivuka kwa miguu kabla chai haijapoa. Upande wa nje mawimbi yanapiga kelele. Upande wa ndani, unaotazama bara, maji yametulia tuli, hayafiki kiunoni, unaona vidole vyako mwenyewe. Kimelala mbele ya bara kama mama anavyolala ukingoni mwa kitanda ili mtoto asianguke. Nilisimama pale na mfuko wangu wa spana nikasema, hapa lazima Mama apaone.

Na watu wake, sijui niseme nini. Wanaendesha baiskeli polepole ili wapate nafasi ya kusalimiana. Niliacha bisibisi dukani, mwenye duka akanifuata nayo mpaka kivukoni.

Nyumba nimeshaiona. Ina baraza pana, dirisha la jikoni linatazama yale maji matulivu, na haina ngazi hata moja. Mwenye nyumba ni mama mmoja mstaafu wa posta, ametuwekea mwanzoni mwa Agosti. Twende sote.

Usiseme mwakani. Kwako kila mwaka ni mwakani. Kifaru ulimwacha akiwa wa kubebwa, sasa ananiuliza kama bibi ni mtu au ni hadithi.

Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Magoti mazima. Habari za ngazi umezipata kwa jirani yangu fundi viatu, najua, mdomo wake hauna kufuli. Leo nimemnyima kiti.

Barua yako nimewasomea wateja wote, hata aliyekuja kubadilisha zipu tu. Nikawaambia, ninyi mnaogopa kupanda lifti, binti yangu anaingia kwenye shimo lake na tochi mdomoni! Najivuna, na nani atanizuia? Baba yako angekuwepo angekodi kipaza sauti.

Lakini kisiwa, mama! Bahari huku, bahari huku, na mimi sijui kuogelea hata kwenye beseni. Isitoshe nina sare za shule hapa zimenifika shingoni. Nendeni ninyi. Mimi nitawashonea nguo za kuogelea, familia nzima, watu wa kisiwani wajue mmetoka kwa nani. Nina kitambaa cha kuvutika cha rangi ya chungwa, kilibaki kwenye kazi ya wacheza sarakasi.

Vipimo usinitumie, utakuwa umenitukana. Watu wangu siwapimi. Umesahau gauni lako la harusi? Nililishona ukiwa mbali, ukalivaa kanisani, hata pini moja halikuhitaji.

Mama yako

10 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za siku, na fundi viatu amerudishiwa kiti? Sisi hatujambo, ila Kifaru amegonga mlango na mlango ndio ulioumia.

Gauni nimelisahau vipi? Mashangazi wa mume wangu walinizunguka wakitafuta kasoro mpaka wakachoka, mmoja akaishia kuomba anwani yako. Nikikwama kwenye kazi yangu nakumbuka ulivyokuwa unatazama kitambaa kimya kimya, kisha mkasi unapita mara moja tu. Hayo niliyaona kwako kabla sijashika spana.

Nguo tutavaa. Lakini sikuomba nguo, Mama, nimekuomba wewe. Na sare usinitajie! Nimekulia chini ya meza yako ya kukatia. Agosti huwa hakuna kazi, mnakaa na fundi viatu mnashindana kupiga miayo. Niambie sababu ya kweli.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Afya ninayo, namshukuru Mungu. Haya, umenishika pabaya.

Siogopi maji. Nawaogopa wajukuu wangu. Nitafika huko, Kifaru atajificha nyuma ya miguu yako na kulia, na somo wangu atanisalimu kwa adabu kama anavyosalimiwa mteja. Nitavumilia vipi? Huku nikikanyaga cherehani nawaona vizuri kabisa, wananicheka, wananivuta kanga, wananijua. Niache na hao.

Kifurushi ndicho hicho, cha kila mtu kipo. Nimewashona kwa jicho, na jicho la fundi halizeeki. Mkivaa mpige picha, ya karatasi, maana simu yangu ya tochi haijui picha. Nitaitundika juu ya cherehani.

Mama yako

15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nguo zimefika. Mishono yako sijui niisifie vipi. Zimetutosha barabara. Kifaru haivui yake. Picha tutatuma. Njoo, Mama.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila shingo imechoka kumchungulia mtu wa barua.

Picha iko wapi? Ukuta nimeupangusa, msumari nimeupigilia, fundi viatu ananiuliza kama nimeamua kuabudu msumari. Wewe tangu utoto ukisema kweli unamwaga maneno, ukidanganya unafupisha. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mno. Fundi akimkabidhi mteja nguo, humtazama kwanza mabegani. Ninyi sijawatazama mabega. Sema, kuna nini?

Mama yako

9 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Wazima sote. Nilikaa na kalamu nikashindwa kukuandikia, maana sikutaka nikuumize.

Yangu imenikaa kama ngozi. Ya mkwe wako pia, umemwachia hadi nafasi ya tumbo, amefurahi kama mtoto. Lakini ya somo wako ilikwama magotini. Siku hizi ananifika begani, Mama, viatu vyangu anavaa. Alikaa kitandani ameishika, kisha akaniuliza, "Bibi anadhani mimi bado mdogo hivi?" Na kaptula ya Kifaru haikupita hata pajani. Kwa hiyo ameivaa kichwani. Analala nayo, anakwenda nayo shule, mwalimu ameshindwa. Ukimwambia avue anapiga kelele, "Kofia ya bibi!" Sikukudanganya niliposema haivui.

Jicho lako halikukosea. Ulishona sawasawa watoto uliowaacha. Kosa ni la miaka, na mimi ndiyo maana nakusumbua. Hao unaowaona ukikanyaga cherehani ni wazuri, lakini hawapo tena. Waliopo wako huku, na wanaendelea kurefuka.

Binti yako

5 Julai

Mama,

Shikamoo. Umenyamaza. Umekasirika, au magoti? Fundi viatu nimempigia simu, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake amegoma kusema.

Mwenye nyumba ameniuliza tutakuwa watu wangapi, apange vitanda. Nimemwambia watano. Sijui kama nimesema kweli.

Binti yako

16 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sijakasirika, na magoti yapo. Fundi viatu nilimwapisha asiseme, kidogo apasuke.

Barua yako ya watoto niliisoma nikafunga duka mchana kweupe. Majirani wakadhani nimefiwa. Nililia, mwanangu. Kukosea kuliniuma, miaka yote hii najisifu, lakini sikulilia hilo. Nililia kwa kuwa nilikikata kile kitambaa nikiimba, nikiwaona mbele yangu, kumbe namshonea mtu aliyekwisha kuondoka. Halafu nikafika kwenye kofia. Nikacheka peke yangu ndani ya duka lililofungwa mpaka fundi viatu akagonga mlango kuuliza kama akili zipo. Mtoto anayevaa kaptula yangu kichwani hawezi kunikimbia. Na huyo dada yake aliyekaa kitandani ameishika, huyo nataka kumjibu mwenyewe, uso kwa uso.

Ulimwambia mwenye nyumba kweli. Tiketi ninayo, sandali amenishonea fundi viatu, eti zisizoogopa chumvi, na kiti changu nimemwachia akalie mpaka nirudi. Nimefungasha kitambaa chote kilichobaki, mkasi, na futi ya kupimia. Naam, futi! Nimenunua mpya, maana ile ya zamani nilikuwa nafungia kabati. Wewe mwana wa kike ndiwe uliyenifikisha hapa, umenishinda, na sioni haya kusema kwamba nimezaa.

Watoto uwasimamishe kwenye hilo baraza, migongo wima, mabega chini. Nitawapima mbele ya kisiwa kizima. Muulize mama wa posta kama ana cherehani, kama hana nitashona kwa mkono. Na safari hii nitaacha pindo nene kila upande. Wakirefuka nitakuja kufumua mimi mwenyewe, basi hiyo nyumba mwambie atuwekee na mwakani.

Kitanda msinitafutie. Kifaru atalala na mimi, nami nitalala ukingoni.

Mama yako