Ndevu za Shemeji

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya mvua ya mchana.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako, na kabla sijafika mbali, unaendeleaje? Nyonga inakuachia usingizi siku hizi, au bado unalala umekaa? Baba Pacha anakushika mkono kwenye ngazi, au anakusubiri juu akikuhimiza? Na hao pacha wenyewe, masomo yanakwenda? Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, ila amenikataza kuinama, kuchutama, kukunja nne na kubishana, na katika hayo manne nimetii matatu.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaiweka kabatini, nikaitoa, nikaisoma tena. Unasema daktari wako yuko tayari kukubadilisha nyonga kama nilivyobadilishwa mimi, naye anangoja umjibu, na wewe umemwambia angoje kwanza umsikie mdogo wako. Halafu ukaniuliza swali ambalo hakuna mwingine angeniuliza: nisikuambie mguu ukoje, nikuambie kama watu wanakaa kwenye kiti changu.

Najua kwa nini umeuliza hivyo. Wewe mkunga, kisu hukiogopi. Unaogopa urudi wodini unachechemea, halafu mama aliyeshikwa na uchungu akuangalie, akugeuzie uso, aite mwingine. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu. Kama ningekuandikia wiki iliyopita ningekudanganya, au ningekuambia usithubutu.

Nianze na siku niliyorudi kazini. Daktari alikuwa amesharidhika, magongo nimeyarudisha, nimebaki na fimbo tu. Nikavaa koti langu jeupe, wifi yako amelipiga pasi mpaka mikono imesimama yenyewe, nikaingia saluni kama bwana harusi. Unakumbuka tuna viti viwili, changu cha dirishani na cha Shemeji cha ukutani. Huyu Shemeji ni yuleyule mdogo wake wifi yako niliyemfundisha kazi. Siku hizi mtaa mzima unamwita Shemeji, hata watu wasio na undugu naye wowote.

Sheria ya benchi letu unaijua pia. Kila mtu ana kinyozi wake, na kiti cha kinyozi wako kikiwa wazi, unanyanyuka unakaa. Hakuna kungojangoja.

Basi walinipokea vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Huyu ananishika mkono, yule anataka kujua kama hicho chuma cha ndani kinapata kutu, mwingine anampigia hadi mkewe simu anisalimie. Kisha wote wanarudi benchini. Kiti changu kiko wazi, nimekipangusa, nimekunjua shuka safi, nimesimama na wembe kama mlinzi wa benki, nao wanamngoja Shemeji. "Nimepita tu kukujulia hali, fundi." "Pumzika kwanza, bado tunakuhitaji." Wananihitaji kwa kazi gani, kufukuza nzi?

Aliyeniumiza zaidi ni Mzee Miwani. Huyo nimemnyoa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ana mtindo wake: zamu yake ikifika huvua miwani, huikunja taratibu, huitia mfukoni, ndipo hunyanyuka aje kwangu. Sasa alikuwa anakaa benchini na miwani yake machoni mpaka Shemeji amwite, anakwenda nayo hadi kwenye kiti cha ukutani, na huko ndiko anakoivua, haraka haraka, bila kunitazama.

Nilikasirika, Dada. Nilimkasirikia hasa Shemeji, maana alikuwa anawapokea kabla hawajafikiria. Mtu hajamaliza kuvuka kizingiti, yeye keshasema, "Karibu huku, mzee, yule bado anapumzisha mguu." Jioni nikamwambia wifi yako kwamba mdogo wake amenipora saluni nikiwa nimelala hospitali. Wifi yako akaniangalia tu. Akasema, "Mwulize yeye, usiniulize mimi."

Sikumwuliza. Kulikuwa na jambo ambalo wifi yako hakulijua, na Shemeji alilijua.

Wiki ileile ya kwanza, tulipokuwa tunafunga, hakuna mteja, Shemeji anafagia, nilichukua wembe nikasimama kwenye kiti changu kitupu. Nilitaka kuona kama mkono bado unakumbuka kazi. Nikamnyoa mtu asiyekuwapo: shavu, kidevu, nikashuka kooni. Unajua nilivyozoea kufanya kazi, ulikuwa unanitania kwamba nakumbatia wateja. Miaka yote nimeegemeza nyonga ya kushoto kwenye mkono wa kiti, mguu mmoja ndio unaonibeba, na nikitaka upande wa pili namzunguka mtu mimi, simzungushi yeye. Nikaegemea hivyo hivyo. Nyonga ni ileile iliyopasuliwa. Maumivu yakanipiga kama shoti ya umeme, goti likakosa nguvu, nikadaka kiti kwa mikono miwili, na wembe ulikuwa bado mkononi.

Nilipojiinua niliona mto wa kichwa umepasuka, mpasuko mrefu uliofika mpaka pale shingo ya mtu inapolala.

Shemeji alisimama na ufagio wake. Alifungua droo, akatoa utepe mweusi wa gundi, akaubandika juu ya ule mpasuko, akaulainisha kwa kidole gumba, kisha akaendelea kufagia. Tangu siku hiyo hatukuzungumza juu yake. Utepe ulikuwa pale, kila aliyeingia aliuona, na mimi nilikipangusa kiti bila kuugusa. Mbele za watu nilinuna kwamba wananikimbia. Peke yangu nilikuwa nashukuru kwamba wamenikimbia. Huo ndio ukweli wenyewe, na sijamwambia mwingine.

Siku ya mazoezi ya mguu nilikwenda hospitali kama kawaida. Mama wa mazoezi, yule mwenye sauti ya kuita watoto uwanjani, akaniuliza kazini kukoje. Nikasema kuzuri. Akaniambia nimwonyeshe ninavyosimama. Akanipa kitana, akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti, nikamnyoa ndevu ambazo hana. Alinitazama kwenye kioo akashtuka. "Kumbe ndivyo unavyofanya! Baba, hiyo nyonga si ya kuegemea. Simama kwa miguu miwili, na kiti ndicho kizunguke. Kwani chako hakizunguki?"

Nilimjibu kwamba kinazunguka. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo nilipokumbuka kwamba sijawahi kukizungusha.

Kumbe kimeganda. Jana Jumamosi, asubuhi kabla hatujafungua, tulijaribu kukizungusha, mimi nimeshika mgongo wake na Shemeji ameshika miguu, hakikutikisika. Mimi siruhusiwi kuinama, kwa hiyo Shemeji akalala chali sakafuni na kopo la mafuta na spana, mikono imeingia chini ya kiti, kichwa kimebaki nje. Akamimina, akagonga, akatukana kwa adabu. Mimi nimesimama juu yake na fimbo yangu kama msimamizi wa barabara. Hapo ndipo nikaziona ndevu zake.

Nikuambie habari za ndevu hizo. Kinyozi hajinyoi mwenyewe akapendeza, kwa hiyo sisi wawili tuna utaratibu wetu: kila Jumamosi kabla ya wateja, mimi namnyoa yeye, yeye ananinyoa mimi. Siku nilipokwenda kulazwa aliapa kwamba hatanyolewa na mkono mwingine mpaka nirudi. Tulicheka sana. Hospitali alikuwa anakuja kunitazama, ndevu zinaongezeka, manesi wanamwita shehe. Basi nimerudi, na ndevu ziko palepale. Jumamosi zimepita, yeye ananinyoa mimi vizuri tu, na ikifika zamu yake anakumbuka kwamba maji hayajachotwa.

Dada, benchi lote lilikuwa linazisoma zile ndevu. Kama kinyozi mwenyewe, shemeji yangu, mwanafunzi wangu, hataki kukaa chini ya wembe wangu, nani atakaa? Mimi peke yangu nilikuwa sijazisoma. Au nilizisoma nikajifanya sijui kusoma.

Kiti kikaachia kwa mlio wa kutisha, kikazunguka. Shemeji akatoka chini, ndevu zimejaa vumbi na mafuta. Na watu wameshaanza kuingia, Mzee Miwani wa kwanza, benchi linajaa. Ningeweza kungoja siku nyingine. Nikaona nikingoja leo nitangoja mpaka nife.

Nikamwambia, "Shemeji, kaa."

Akapangusa mikono. "Leo?"

"Leo."

Aliangalia benchi, akaangalia ule utepe mweusi, akaniangalia mimi, na nikaona anaogopa, naye akaona mimi naogopa zaidi. Akakaa. Shuka alijifunga mwenyewe.

Nilipunguza ndevu kwa mashine kwanza, nikapaka povu, nikafungua wembe. Miguu miwili sakafuni. Nyonga ikawa inakitafuta kile kiti yenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini, na mimi nairudisha. Shavu la kulia likaenda vizuri. Nikakizungusha kiti, kikalia, mtu mmoja benchini akacheka akanyamaza. Nikashuka kooni. Hapo mguu ukaanza kutetemeka. Zamani ningeona aibu kusimama katikati ya koo la mtu. Jumamosi niliuondoa wembe, nikaunyanyua juu, nikasema, "Subiri kidogo," nikahema mpaka mguu ukatulia. Shemeji alikuwa amefumba macho, ameshika mikono ya kiti mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nikamaliza koo.

Nikadhani nimevuka. Nilipofika chini ya sikio la kushoto nikamkata.

Si mguu, Dada. Mguu ulikuwa umetulia kabisa. Ulikuwa woga wangu tu, ulionitingisha mkono mahali ambapo hata mtoto asingekata. Sikuwahi kumwaga damu ya Shemeji tangu nimfahamu. Ikashuka kwenye povu jeupe na kila mtu akaiona. Nikaweka wembe mezani. Nilitaka kuchukua fimbo yangu, nitoke, nije nyumbani nikuandikie kwamba hapana, hawakai, na wana haki yao.

Shemeji akafumbua macho akajitazama kwenye kioo. Akanyoosha mkono, akachukua pamba, akaitia spiriti, akajibandika mwenyewe, akauma meno. Halafu akakilaza kichwa chake tena juu ya ule utepe mweusi, akafumba macho, akasema, "Bado upande huu, shemeji. Usiniache nusu nusu kama paka aliyenyeshewa."

Nikachukua wembe. Upande uliobaki niliunyoa machozi yakinidondoka puani, na sikumkata tena.

Sitakudanganya kwamba benchi zima lilihamia kwangu. Wengi waliendelea kumngoja Shemeji, na najua wiki ijayo watamngoja pia. Ila Mzee Miwani alinyanyuka, akaja mpaka mbele ya Shemeji, akamshika kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akakitazama kile kidonda kwa karibu kama anayekagua embe sokoni. Akarudi benchini akakaa. Baada ya muda nikamwona anavua miwani. Akaikunja taratibu, akaitia mfukoni.

Basi hilo ndilo jibu langu. Umeniuliza kama watu wanakaa kwenye kiti changu. Wanakaa wawili, Dada Mkubwa, na mmoja wao nilimkata, akabaki.

Mwambie daktari wako ndiyo. Maumivu yatakuja na yatapungua, hayo hata manesi wanayajua. Nisilotaka likukute bila habari ni kwamba ukisharudi wodini utaogopa kuliko ulipoogopa kisu, na utawachukia wanaokuhurumia. Usiwaze wodi nzima. Mtafute mmoja, yule ambaye mkono wako anaujua, hata kama ni muuguzi mwenzako wa zamani, asimame karibu nawe siku ile ya kwanza. Na ukitetemeka, ondoa mkono, sema "subiri kidogo," uheme. Mimi nilidhani hilo neno litanifukuza kazini.

Nisalimie Baba Pacha, mwambie ngazi zinapandwa na watu wawili. Nisalimie pacha wote, na Mama Mdogo akija kukutembelea mwambie kitambaa alichonitumia ndicho nimemtandikia Mzee Miwani. Wifi yako anakusalimu sana. Nimemwambia habari za mto wa kiti jana jioni, naye akaniuliza utepe huo nani aliubandika. Nilipomjibu, akanyanyuka akamfungia mdogo wake chakula cha kupelekewa. Shemeji naye anakusalimu, kidevu kinang'aa, pamba bado ameibandika ingawa kidonda kimeshafunga. Nadhani anapenda kuulizwa.

Mwenyezi Mungu aishike mikono ya huyo daktari wako, na yako baada yake, na akurudishe kwenye kazi yako ukiwa na mtu wa kukungoja.

Mdogo wako akupendaye, aliyekuwa akikufuata kila mahali hata ukimfukuza,

Mkia