Sungura wa Kijani

Nakuru,
Alhamisi.

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikitumaini kwamba u mzima, na kwamba mguu wako haukutesi sana na baridi hii ya Keringet. Viazi vya bondeni vimeota? Sisi huku tunaishi, na zaidi ya hapo sina la kujisifia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa unaiweka kwa spika hata pasta akiwa sebuleni, na haya si ya kusikizwa na pasta. Isome ukiwa peke yako, na uifikishe mwisho kabla hujaanza kulia.

Unaniuliza kila siku ni nini hasa kilichompeleka mwanao Hiram rumande. Nianze na mashine yangu ya stika, ile uliyoiona Krismasi ukasema inafaa kusagia nyama. Unaingiza karatasi yenye picha mdomoni, unazungusha mkono, na inatoka upande wa pili ikiwa na gundi nyuma na plastiki juu. Nilianza na nyota ambazo walimu hubandika kwenye vitabu vya watoto, na lebo za mikebe ya jemu za akina mama wa chama. Ni kazi ya raha, Mama. Kwenye kile kibanda changu cha sokoni nilikuwa nikiimba.

Mwezi wa tano Gachanja, rafiki yake Hiram pale steji ya bodaboda, alibeba abiria akampeleka upande wa Menengai. Alipatikana kesho yake katika shamba la mahindi, shingo imekazwa waya hadi ikakatika nusu, na pikipiki haipo. Hiram ndiye aliyeitwa kumtambua. Alirudi kwangu akapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikachanika. Tangu siku hiyo alitembea na chuma chini ya kiti cha pikipiki. Nilimwona nacho na sikumkanya.

Hapo ndipo steji ilipoamua kwamba kila pikipiki yao iwe na stika kwenye tangi, na kila mwezi picha ibadilike ili wezi wasiige. Atakayepatikana pale akingoja abiria bila stika, huyo ni mgeni, na mgeni ajieleze. Kazi hiyo nilipewa mimi. Mwezi wa kwanza nilichora birika, wa pili heroe wa ziwani, na mwezi huu sungura wa kijani, kwa sababu nilijua hakuna mwizi atakayefikiria sungura. Nilijivunia hao sungura kuliko inavyofaa.

Sasa Jumanne ya wiki iliyopita. Saa nane mchana mtu mwenye pikipiki nyekundu alimnyakua mama mmoja mkoba pale sokoni, akamburura juu ya kokoto mpaka goti likaonyesha mfupa. Vijana wa steji walimfukuza wakampoteza. Walipogeuka kurudi, wakamkuta mwanamume wasiyemjua ameegesha mwisho wa mstari wao, pikipiki nyekundu, tangi tupu, hana stika. Jina lake lilikuwa Dalmas. Aliwaambia ametoka Sachangwan, na kwamba Zeddy, mwenyekiti wao, alimwandikisha jana yake jioni. Wakampigia Zeddy, lakini alikuwa mazishini Molo na simu imezimwa. Wakaanza kumpiga makofi. Akasema basi waulizwe watu wa soko, yupo atakayemjua. Wakamzungusha wakiuliza, na hakuna aliyemjua.

Hiram alimpiga wa kwanza, kwa kile chuma, hapa juu ya sikio. Wengine wakaja na helmeti na mawe. Mama, sikujua kwamba mtu akipigwa hivyo hutoa sauti ya mtoto. Aliwaambia, "Wazee, nina bibi, nina watoto wawili, nipelekeni polisi." Mmoja akamkanyaga mdomo. Walifungua tangi lake wakammwagia petroli, na kama polisi wasingefyatua risasi hewani wangemchoma. Hata hivyo alikwisha kufa. Mwizi halisi alishikwa jioni hiyo hiyo Njoro, na mkoba wa yule mama mikononi.

Hayo ndiyo wanayoyajua watu wa huku, ingawa wewe huenda ulisimuliwa nusu tu. Sasa nisikie. Mahali Dalmas alipopigwa ni mlangoni pa kibanda changu. Damu iliingia ndani mpaka chini ya meza, na nimesugua sakafu mara nne.

Asubuhi ya Jumanne hiyo alikuwa amekuja kwangu kuchukua stika. Zeddy alikuwa amenipa jina lake, na stika yake ilikuwa tayari, nimeikata vizuri. Alipoiona alicheka mpaka akashika dirisha. Akasema, "Mathe, hii ni ya nursery bana, nipe simba." Usiku huo nilikuwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu kwa sababu ya kuzikata zile stika, nikawaka hasira. Nilirudisha sungura kwenye droo nikamwambia arudi Ijumaa akiwa na adabu. Akaacha kucheka. Aliomba msamaha, akasema hawezi kufanya kazi bila hiyo. Nikamfungia dirisha usoni.

Kwa hiyo walipomleta, yeye ndiye aliyewaambia waniulize mimi. Hiram alimshika kola, akaniuliza kama namjua mtu huyu. Dalmas aliniangalia akaacha kujitetea, kwa maana alikuwa na hakika nitasema. Nikasema simjui.

Si kwa hofu, Mama. Natamani ingekuwa hofu. Nilikuwa bado nimekasirika. Nilidhani watamwongezea makofi mawili, kisha niseme ukweli naye ajifunze. Lakini Hiram hajawahi kuniuliza kitu nikamdanganya, na chuma kilishuka kabla sijavuta pumzi. Nilipiga kelele kwamba namjua, namjua. Hiram alinisikia. Aliangusha chuma akanitazama, na wale wengine wakaendelea.

Nilipomtembelea rumande jana alisema jambo moja tu, kwamba wewe usijue. Anataka abebe lawama peke yake. Amekataa kuwaambia polisi kwamba aliuliza mtu yeyote. Mimi siwezi kumwachia hilo. Kesho asubuhi naenda kuandika taarifa yangu, na sijui kama nitarudi nyumbani. Baada ya hapo, wakiniruhusu, nitaenda Sachangwan kwa mjane wake, ingawa sijui nitamwambia nini.

Nimesikia kwamba Jumapili ulisimama kanisani ukaomba waumini wamwombee mwanao aliyeua mwizi. Usiseme hivyo tena. Dalmas hakuwa mwizi. Hiram aliniuliza, na mimi ndiye niliyemkana.

Wasalimie shangazi na wote wa hapo nyumbani, na utunze mguu wako usiingie shambani na umande. Ukiona huwezi kunijibu, nitaelewa.

Ni mimi binti yako,
Wangechi.