Nafasi Chini ya Jina Langu

Soweto, Mbeya
9 Juni, 1976

Dada yangu mpenzi Juliana,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Danieli na watoto, na kwamba kikohozi cha mama hakijarudi sasa baridi ya Iringa inapoanza kukaza. Sisi huku ni wazima wa mwili. Asubuhi ukungu unafunika Soweto yote, mtu akikuita pale bombani unamjua kwa sauti tu. Lakini baridi hiyo mimi siisikii. Nina mume! Utanicheka, najua, utasema huyu Evarista ndoa yake bado ina harufu ya keki naye ameshaanza kujitapa. Cheka tu. Nikimsikia anafungua mlango wa uani, naacha hata sufuria motoni. Juzi maharage yaliungua tena kwa sababu hiyo, naye akayala yote, akasema tangu alipotoka kwa mama yake hajapata maharage yenye moshi mtamu namna ile.

Unajua pia kwamba kila barua ninayokuandikia yeye huisoma kabla haijafungwa. Hufurahi kama mtoto akikuta nimemsifu, kisha huandika salamu zake chini ya jina langu kwa ule mwandiko wake wa kidaktari, ambao wewe unasema unausoma kwa kukisia. Hajawahi kukosa hata barua moja. Nakukumbusha jambo hili kwa sababu leo nina haja nalo.

Habari kubwa, ambayo nilikuwa nimepanga kukuandikia kwa vifijo, ni kwamba Liberatus amependekezwa kugombea uenyekiti wa chama chao cha waganga wasaidizi wa huku nyanda za juu. Watu wa mtaani wanawaita wote madaktari, lakini wao wenyewe wanaujua mpaka wao. Kupima, kutibu, kuchoma sindano, kushona jeraha, hayo ni yao. Kumpasua mtu tumbo ni kazi ya daktari mkubwa, na mganga msaidizi akiigusa anafukuzwa kazi, pengine anafikishwa mahakamani.

Anayegombea naye ni Bwana Crispin, mtu mzima kidogo, mpole wa sauti, ambaye nyumba yake imepakana na yetu kwa nyuma. Mkewe Helena, tunayemwita Mama Kalista, ndiye aliyenipokea nilipoletwa hapa nikiwa sijui hata njia ya sokoni. Alinionyesha nani anauza mkaa usiochanganywa na mawe na nani anauza mawe yaliyochanganywa na mkaa. Mchana, wanaume wakiwa kazini, alikuwa akija kunisuka. Nilimpenda, dada. Nilimwona kama wewe.

Sasa chama chao kina desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Mgombea hajitambulishi mwenyewe wala hatambulishwi na rafiki yake. Anatambulishwa na mpinzani wake. Wazee walioanzisha chama waliona kwamba uchaguzi unaacha chuki, na wagonjwa ndio wanaoumia waganga wakinuniana. Basi wakaamua kila mgombea asimame amsifu mwenzake mbele ya wanachama, na ni mwiko kumtaja kwa baya lolote. Anayesifiwa naye husimama kimya mpaka mwisho, haruhusiwi kukatiza wala kujibu, kisha wanakumbatiana. Liberatus aliponieleza nilitokwa na machozi kwa jinsi nilivyoona ni jambo zuri. Wake nao hualikwa. Nilishona gauni jipya la kitenge, nikampigia pasi koti lake mpaka mkaa ukaisha.

Utambulisho ulikuwa Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa shule moja hapa mjini, na mgeni wa heshima alikuwa Mganga Mkuu wa kanda yetu, ambaye ofisi yake iko huko kwenu Iringa. Liberatus alianza. Alimsifu Bwana Crispin kwa moyo wote, akasema ndiye aliyemfundisha kutafuta mshipa, na kwamba Crispin anaweza kuupata mshipa hata kwenye spoku ya baiskeli. Ukumbi ulicheka, Crispin mwenyewe akacheka akijifuta macho. Mimi nilikuwa nimekaa nikiwaza, jamani, wanaume wengine wote duniani walioa nani, maana huyu mzuri nimempata mimi.

Kisha Bwana Crispin akasimama. Alimwita mume wangu mdogo wake. Alisema yeye hana cha kueleza ila tendo moja tu, kwa sababu mti unaanza kuzaa ukiwa mchanga na wenye macho wanaona. Akasimulia kwamba mwaka jana wakati wa masika, kule bondeni Usangu, mke wa mfugaji mmoja aitwaye Masunga alishindwa kujifungua, na Landrova ilikuwa imezama kwenye tope isiweze kumfikisha hospitali. Akasema huyu kijana hakukubali mama na mtoto wafe mikononi mwake. Alishika kisu, akampasua kwa mwanga wa tochi, akamtoa mtoto akiwa analia, akamshona mama, na wote wawili wako hai mpaka leo. Akamalizia kwa kusema kwamba hiyo ndiyo mikono iliyobarikiwa, mikono ambayo hata ikikosea njia Mungu anaielekeza.

Watu walipiga makofi, mmoja nyuma akapaza sauti kwamba kumbe tuna bingwa wa kisu humu ndani. Halafu makofi yakaanza kufa, kwanza viti vya mbele, kisha vya katikati, mpaka ukimya ukafika kwetu sisi wanawake kule ukutani. Mganga Mkuu hakuwa amepiga makofi. Aliinama mbele, akauliza kwa adabu kabisa kama kisa hicho ni cha kweli, na ni kituo gani. Crispin akajibu kwamba ni cha kweli tupu, yeye hawezi kumsifu mwenzake kwa uongo. Liberatus alikuwa bado amesimama, na desturi ilikuwa imemfunga mdomo. Alikuwa anatabasamu, dada. Lile tabasamu naliona hata nikifumba macho. Kisha Crispin akamkumbatia na kumpigapiga mgongoni.

Ni kweli. Liberatus alifanya hivyo. Alikuwa amekaa miaka mingi chumba cha upasuaji akimpa daktari vyombo, akaona mara nyingi, na siku ile hapakuwa na mwingine. Dereva alikuwa amekwenda kutafuta watu wa kusukuma gari. Aliyekuwa naye ni nesi Tupokigwe, mama mjane anayekaa Ilomba, ambaye ndiye aliyechoma sindano za ganzi na kushika tochi. Walikubaliana wasiseme. Masunga na watu wake hawakujua kama kuna neno la kuficha, kwao daktari ni daktari. Basi wakalijua watu wawili tu, mpaka tulipooana na Liberatus akaniambia mimi, wiki ile ile ya harusi, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Alisema hiyo ndiyo mahari ya pili anayonipa.

Jumatatu lilikuja gari kumletea Liberatus barua ya wito. Ijumaa hii asubuhi anatakiwa Iringa mbele ya tume ya wakubwa watatu, siku moja kabla ya uchaguzi. Tupokigwe naye ameitwa. Bwana Crispin alikuja kutupa pole, akasema laiti angejua, yeye alitaka kusifu tu. Mama Kalista hakuja naye. Tangu Jumamosi hajaja tena, na jana nilipomwita bombani kwenye ukungu nilisikia ndoo yake tu ikiondoka.

Liberatus ameamini kwamba aliyemsaliti ni Tupokigwe. Anasema nani mwingine angejua habari ya tochi? Yule mama alikuja hapa Jumatatu jioni kuuliza wakasemeje huko mbele, na Liberatus akamwacha amesimama mlangoni. Akamwambia, Mama, wewe umeshasema yako, niache nami nikaseme yangu. Tupokigwe akamtazama kwa mshangao, akaniangalia na mimi, akaondoka. Mwanzo mume wangu alikuwa amekusudia kubeba kila kitu peke yake, aseme sindano za ganzi alichoma mwenyewe, ili yule mjane asiguswe. Sasa ameapa hatamficha. Atasema Tupokigwe ndiye aliyechoma, na kwamba ni yeye aliyemhimiza akate. Hilo la pili si kweli, dada. Aliniambia mwenyewe kwamba Tupokigwe alikuwa akimsihi wangoje. Akisema hivyo, mama yule atafukuzwa, na watoto wake wote bado wanasoma.

Kisha alilaza tena kichwa mapajani mwangu. Akasema duniani amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwamini.

Dada Juliana, Tupokigwe hakusema. Ni mimi.

Ilikuwa mchana mmoja mwezi uliopita, Mama Kalista akinisuka kibarazani. Alikuwa akinitania kama kawaida yake. Akasema, haya bibi harusi, kila siku Libe wangu, Libe wangu, hebu tuambie huyo Libe amefanya nini cha kuimbwa, maana sisi wa kwetu wakirudi kazini wanavua viatu na kukoroma. Nami nilikuwa nimejaa, dada, nimejaa kama debe chini ya mvua. Nilitaka mtu mmoja tu ajue nimeolewa na mtu wa namna gani. Nikamweleza yote, Masunga, tope, tochi, mtoto kulia. Nikamwambia ile ni mikono iliyobarikiwa, ambayo hata ikikosea njia Mungu anaielekeza. Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu. Kisha vikaendelea kusuka, taratibu, akaniuliza huyo nesi aliitwa nani.

Pale ukumbini, Jumamosi, niliyasikia maneno yangu mwenyewe, jinsi nilivyoyapanga kwa mapenzi, yakitoka kinywani mwa Crispin.

Nimejaribu kumwambia. Kila nikifungua mdomo ananishika mkono, anasema nisilie kwa ajili yake, na mimi nanyamaza kwa sababu bado nautaka mkono ule. Kwa hiyo nimeandika. Kesho asubuhi anapanda basi la Iringa, na barua hii ataibeba yeye. Nitampa stendi basi likiwa linaunguruma, ili nisiuone uso wake. Bahasha sikuigandisha. Ataisoma njiani kama anavyosoma zote, pengine akishapita Makambako, na Ijumaa itamkuta anajua.

Libe wangu, kama umefika hapa, usiruke mstari huu. Nichukie mimi, lakini usimtaje yule mama. Alikushikia tochi. Mimi ndiye niliyekumulika.

Dada, nisalimie mama, mwambie shuka aliyotuma tunaitumia. Nisalimie shemeji Danieli, na watoto uwabusu mmoja mmoja, wa mwisho umbusu zaidi kwa kuwa najua mnamwonea. Shemeji yako mpokee vizuri hata kama hatazungumza. Anapenda chai ya tangawizi, na hali pilipili.

Kama barua hii imekufikia, basi hakuichana. Nimeacha nafasi chini, kama kawaida. Ukikuta ameandika salamu zake pale, hata neno moja, niache na mume wangu, tutaishi na yatakayokuja. Ukikuta pako wazi, njoo unichukue. Usingoje nikuite.

Mdogo wako anayekupenda,

Evarista