Firigisi ya Baba Nekesa

Jumamosi, mtaa wa Jamhuri. Mvua tangu alfajiri. Nguo za watoto nimezianika jikoni na nyumba nzima inanuka sabuni na kuku. Leo nina furaha, na si furaha ya Mkristo.

Mume wangu, Baba Nekesa, anataka kuingia chama. Si chama cha ukoo wala cha mazishi. Ni kile cha undugu ambacho wanaume wake hukutana mjini jioni, wamevaa suti nyeusi, mlango umefungwa. Mkubwa wake wa ofisi ndiye aliyemtia maneno, na tangu hapo mtu wangu anatembea kama amemeza fimbo.

Yale ya damu na nyoka wanayonong'ona majirani sikuyauliza. Niliuliza tu ataapa nini, kwa nani, na kama kiapo hicho kitanifanya mimi mgeni katika nyumba yangu. Akacheka.

"Mambo ya wanaume hayo, Mama Nekesa." Kisha akageukia redio.

Hapo nikakikumbuka kitambaa changu. Tuseme kweli, sijawahi kukisahau.

Mwaka tulioingia nyumba hii, uhuru ukiwa bado mbichi, kina mama wa kanisa walitaka kunipokea katika kikundi chao. Nilikuwa nimeshashona kitambaa cheupe cha kichwa. Desturi yao ni kumwuliza mume kwanza, mbele ya watu, kabla mke hajaapa. Baba Nekesa akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mke wangu hataapa mbele ya watu nisiowajua." Kanisa likacheka. Mimi nikarudi kuketi, na kitambaa kikaingia sandukuni.

Lakini Mungu si Athumani. Kumbe chama cha Baba Nekesa nacho kina desturi yake: hawampokei mtu mpaka waje nyumbani kumwuliza mke.

Jana akanipa maagizo. "Wakikuuliza, sema huna neno. Na upike kuku."

Nikapika kuku.

Walikuja wawili leo mchana. Bwana Mehta ana duka la vitambaa mjini, mtu mpole asiyekula nyama, nikamwekea chapati na ndengu. Mwenzake ni Mzee Wafula, karani mstaafu, mtu wa kwetu Bungoma kabisa.

"Mama, iko wasiwasi yoyote juu ya hii maneno?" akauliza Bwana Mehta.

"Sina neno," nikasema. Baba Nekesa akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Ndipo nikapakua. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haigusi, hata kama ndiye aliyeipika, na mume asipoiona sahanini anajua ana kesi. Baba Nekesa nilimpa shingo na bawa. Firigisi nikaiweka kwenye sahani yangu, nikaketi mezani pamoja nao, nikaila. Polepole. Ilikuwa ngumu kidogo, lakini sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Mzee Wafula akaacha kutafuna. Bwana Mehta akatutazama mmoja mmoja, akauliza kuna nini. Baba Nekesa aliikodolea macho ile shingo huku jasho likimtoka. Angesema nini? Mtu wa kisasa, anayetafuta ndugu dunia nzima, aanze kulilia firigisi mbele ya wageni?

Mzee akanigeukia. "Mama, hii nyumba bado haijaongea. Sema sasa, tunasikia."

Nikafuta vidole. "Mume wangu hataapa mbele ya watu nisiowajua."

Baba Nekesa alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Aliyakumbuka maneno yake. Nilitaka ayakumbuke, na nilitaka iwe mbele ya watu.

Mzee Wafula hakukasirika. Aliniomba niseme linalonisumbua, nikamwuliza yaleyale niliyomwuliza mume wangu. Akanijibu kwa heshima: hakuna kiapo cha kumficha mke mambo ya nyumba yake, na chama kinachovunja ndoa hata yeye asingekaa ndani yake. Alimaliza hata kikombe changu cha chai hakijaisha. Kumbe yalijibika! Akaaga, akasema watarudi siku tutakapowaita kwa kauli moja.

Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Wasiwasi umekwisha. Kilichobaki ni kisasi, na ninakipenda.

Nimekitoa kitambaa sandukuni. Kimeingia manjano kwenye pindo, lakini nimekipiga pasi kikanyooka. Kesho ninakivaa kanisani.

Sasa hivi Baba Nekesa amekuja akasimama mlango wa jikoni, akakohoa. Ameuliza kama kesho anaweza kuandamana nami, aongee na wale kina mama wanipokee. Na tukirudi, labda tumwite Mzee Wafula.

"Mambo ya wanawake hayo, Baba Nekesa," nimemwambia, kisha nikageukia redio.

Siku itafika nimkubalie. Lakini siyo kesho.